Tulipanda Mlima wa Ipogolo Polepole

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, basi Ipogolo umepita, ingawa labda ulikuwa umelala. Basi likisha kuukwea mlima Kitonga kwa kunguruma, likapita Ilula penye nyanya na vitunguu, mwishowe utauona mji wa Iringa umekaa juu kwenye ukingo, nyumba zake zikichungulia bondeni. Barabara kuu haipandi mjini. Inapita chini, karibu na mto Ruaha Mdogo, na pale njia ya kupanda mjini inapoachana nayo ndipo Ipogolo. Mgeni huona maduka, malori, bajaji, na vijana wanaokimbilia madirisha ya magari na mayai ya kuchemsha. Husema, "Hapa ni mahali pa kushukia tu." Sisi tunaokaa hapa tunajua zaidi ya hayo.

Tunaujua mto, ambao maji yake hutoka nyanda za juu za Mufindi na kushuka kwenda kuungana na Ruaha Mkuu. Tunazijua bustani za mboga zilizo kando yake. Tunaijua baridi ya Juni na Julai, ukungu unapolala bondeni hata saa mbili asubuhi, na vumbi la Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Tena tunayajua malori. Baada ya mwaka 1965, Zambia ilipobanwa upande wa kusini na walowezi wa Rhodesia, mizigo yake ilianza kupita huku, na njia wakati huo ilikuwa mbaya hata madereva wakaiita Njia ya Jehanamu. Baadaye ikatiwa lami. Siku hizi malori ya Zambia na ya Kongo hupita usiku kucha, na moshi wao tunaufahamu kama tunavyofahamu sauti za jirani.

Pengine utauliza kwa nini nasimulia ukungu, vumbi na moshi, nisisimulie uzuri wa milima. Nitakuambia. Mwaka mmoja sasa naitazama Ipogolo kwa kifua cha mtoto mmoja.

MPWA WANGU

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, na kutunza madaftari. Nilisomea ualimu chuoni, na tabia ya mwalimu haijanitoka. Ndiyo maana mtanivumilia nikieleza mambo mara mbili. Katika madaftari yangu limo pia daftari la marehemu. Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikaribia kuandika humo jina la mpwa wangu.

Dada yangu anakaa kijijini wilaya ya Kilolo, juu kwenye baridi. Mwanawe wa pili alikosa chanjo ya surua, maana siku ile mama alikuwa msibani, na siku nyingine ikasahauliwa. Alipofikia miaka mitatu surua ikampata, na nyuma ya surua ikaja nimonia. Mtoto alipona, lakini kifua hakikurudi kuwa kama zamani. Alikohoa asubuhi, akakohoa usiku, akatoa makohozi mazito. Kila mwaka mara tatu au nne homa ilimwangusha, akalala siku kumi, akaamka amekonda.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni kifua kikuu. Alipimwa makohozi zaidi ya mara moja, na kifua kikuu hakikuonekana. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Dada akauza mbuzi, akazunguka na mtoto huku na huku. Kila mara kijana alipewa dawa, akapata nafuu, dawa ikaachwa, tukangoja aanguke tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu: kungoja aanguke.

Alipotimiza miaka kumi dada akamleta kwangu. Tulisema, Ipogolo ni karibu na hospitali. Ni kupanda mlima tu. Nilimpokea kwa moyo mkunjufu, nikidhani nimempa usalama. Kumbe hatari ilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

USIKU WA JULAI

Julai ya mwaka jana ilikuwa na baridi kali. Kijana alikuwa analala chumba cha uani, na nikamwonea huruma. Basi usiku wa kwanza niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikaziba dirisha kwa blanketi kuukuu, na nafasi iliyo chini ya mlango nikaiziba kwa gunia. Chumba kikawa na joto zuri. Nilijiona mjomba mwema kabisa.

Nikafanya hivyo usiku wa pili, wa tatu na wa nne. Asubuhi kijana aliamka na kichwa kizito. Makohozi yakazidi, yakageuka rangi kuwa ya kijani. Chakula akakisukuma pembeni. Nilikwenda duka moja la dawa, nikauziwa vidonge vichache vya kumeza siku mbili, nikarudi nimetulia.

Usiku wa tano nilisikia sauti kama ya mtu anayekokota mti. Ilikuwa pumzi yake. Nilipomfunua nikaona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, na midomo imekuwa myeusi. Nilimwita, akajaribu kunijibu, neno likakatika katikati. Jirani yangu mwenye bajaji aliamka bila kuvaa viatu, akatupandisha mlimani. Sijapata kuona mlima mrefu kama ule usiku ule, nami huupanda kila siku.

Alilazwa siku kumi na mbili. Siku nne za kwanza alivuta hewa ya oksijeni.

MANENO YA DAKTARI

Alikuwapo daktari mmoja mama, mtu mpole lakini asiyezunguka na maneno. Siku ya tatu aliniita pembeni, akauliza, "Kijana analala wapi?" Nikaeleza. "Jiko liko wapi?" Nikaeleza pia, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba nilimwekea joto. Akanitazama, akasema, "Karani, wewe ulitaka kumpa joto, ukamkausha kama samaki."

Nikanyamaza. Akaendelea kuniambia ya kwamba mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ya kuwa watu wazima wenye mapafu mazima wamelala nayo wasiamke. "Mshukuruni Mungu kwa gunia lako kutoziba vizuri," alisema.

Kisha akanieleza ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu kuna mirija ya hewa. Kuta zake zina ute kidogo, na juu yake kuna vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vumbi na vijidudu hunasa katika ute, na vinywele huusukuma ute ule kwenda juu mchana na usiku, kama wafagiaji wasiolala. Mpwa wangu, surua na nimonia viliharibu mirija yake: imepanuka na kulegea, na wafagiaji wengi wamekufa. Ute unatuama. Palipotuama ute, vijidudu huzaana. Vijidudu vikizaana, mirija huharibika zaidi, na ute huzidi kutuama. Kila shambulio huacha mapafu yakiwa mabovu kidogo kuliko yalivyokuwa.

Nikamwuliza, "Je, watapona wafagiaji hao?" Akajibu, "Waliokufa, hapana. Lakini kazi yao mnaweza kuifanya ninyi."

Neno hilo nililielewa siku niliyorudi nyumbani nikapita kwenye bustani za kando ya mto. Nilimkuta mzee mmoja, jirani yetu, akizibua mfereji wa maji kwa jembe. Mfereji ulikuwa unapitisha maji vizuri tu. Nikamwuliza, "Baba, mbona unazibua mfereji usioziba?" Akacheka. "Nikingoja uzibe, mwanangu, nitazibua matope huku mchicha umekwisha kufa."

WATOTO WA JASHO LA CHUMVI

Hapo nilikumbuka jambo jingine alilonieleza daktari, nalo nataka mlijue, maana limefundisha dunia nzima namna ya kutunza vifua kama hivi.

Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao sistiki faibrosisi. Mtoto mwenye ugonjwa huu ana kasoro katika kuta za mirija yake: chumvi na maji havipiti sawasawa, na ute hukauka ukawa mzito kama gundi. Huziba mapafu, tena huziba kongosho, hata chakula hakisagiki vizuri tumboni, na mtoto hukonda ingawa anakula sana. Na jasho lake lina chumvi nyingi mno. Mama akimbusu kwenye paji la uso huonja chumvi.

Huko New York, Dkt. Dorothy Andersen aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1938. Mwaka 1948 joto kali liliupiga mji ule, na watoto hawa wakazirai kuliko wengine; ndipo Dkt. Paul di Sant'Agnese akachunguza, na mwaka 1953 akaonyesha kwamba jasho lao hupoteza chumvi. Mpaka leo ugonjwa hupimwa kwa jasho. Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada na Marekani waliipata kasoro yenyewe katika urithi wa mwili. Mtoto huupata pale anaporithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Hapana laana hapo, wala mkono wa jirani.

Zamani ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Sivyo. Wataalamu wa Afrika Kusini wameonyesha kwamba Waafrika nao wanayo kasoro hiyo, ila aghalabu ya namna nyingine. Kwa kuwa kipimo hakipatikani kwa urahisi katika nchi zetu, mtoto kama huyo anaweza kuhesabiwa kuwa na kifua kikuu au utapiamlo hadi anapokufa. Daktari alimwuliza dada yangu kama kijana alionja chumvi alipokuwa mchanga, na kama choo chake kilikuwa cha mafuta mafuta. Dada akasema hapana, tena kabla ya surua alikuwa mnene. Daktari akaridhika kwamba chanzo ni ile surua.

Sasa sikilizeni. Miaka ya 1950 wengi wa watoto hao wa jasho la chumvi walikufa kabla ya kuanza shule. Waganga walingoja washikwe, wakawatibu, wakangoja tena, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Mwaka 1957, katika mji wa Cleveland huko Marekani, Dkt. LeRoy Matthews alianza njia nyingine. Alitaka kifua kisafishwe kila siku, hata siku ambayo mtoto anacheza na kucheka. Alitaka mtoto alishwe vizuri, na kila dalili ndogo ishughulikiwe kabla haijawa kubwa. Wagonjwa wake wakaishi kuliko wa kwingine, hata wenzake wengine hawakuamini mpaka walipohakikisha kwa hesabu. Tangu mwaka 2019 kuna vidonge vipya vinavyosaidia kasoro yenyewe kwa wagonjwa wengi, lakini bei yake ni kubwa mno, hata nchi tajiri hulalamika. Ile kazi ya kila siku haihitaji bei hiyo. Ni jembe la yule mzee.

TULIVYOGEUZA NYUMBA

Basi tulianza. Jiko lilitoka nyumbani, likahamia banda la uani lililo wazi pande mbili. Baadaye nilinunua mtungi mdogo wa gesi, nikipunguza mambo mengine. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka kufikia mwaka 2034 Watanzania 80 katika 100 wawe wanapikia nishati safi. Ni neno jema. Lakini najua wasomaji wengi mko vijijini, na gesi iko mbali. Kwenu nasema yaliyo mikononi mwenu: kuni zikauke kabisa kabla ya kuwashwa, jiko liwe na bomba la kutoa moshi, au lipikiwe mahali penye upepo, na mtoto mwenye kifua asikae jikoni, wala asibebwe mgongoni moto unapofuka. Sigara zisivutwe nyumbani. Takataka na plastiki zisichomwe karibu.

Baridi tuliishinda kwa blanketi la pili, soksi, na fulana nzito. Dirisha huachwa wazi kidogo usiku, hata Julai.

Kila asubuhi kabla ya uji, na kila jioni kabla ya kulala, tuna kazi yetu ya mfereji. Tulifundishwa hospitali, nanyi mfundishwe na mtaalamu, msijifunze kwangu peke yake. Kijana hupumua taratibu kwanza. Kisha huvuta pumzi ndefu mara tatu nne, akiishika kidogo. Kisha hupuliza "haa" kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kufuta kioo. Makohozi hupanda, naye huyakohoa katika kopo lenye kifuniko, ambalo mimi hulimwaga chooni na kuliosha. Siku nyingine hulala ubavu, nami nampiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, nikiepuka uti wa mgongo. Yote huchukua dakika ishirini. Sisi hatuifanyi mara baada ya kula. Maji hunywa mengi, ili ute usikauke.

Pia mikono. Mafua ambayo kwa mtoto mwingine ni kamasi za siku tatu, kwake ni kitanda cha hospitali. Kwa hiyo mgeni wangu akija hupewa maji na sabuni kabla ya kiti, na mwenye mafua namwomba aniwie radhi, tuongee nje. Wengine walinuna mwanzoni. Sasa wamezoea.

NJIA YA KUPANDA

Julai ya mwaka huu, siku ya kliniki, kijana aliniambia, "Mjomba, leo tusichukue bajaji. Twende kwa miguu." Nilisita. Kabla ya hapo nilimkataza hata mpira, nikimtunza kama yai. Daktari alikuwa amenikemea kwa hilo: kukimbia na kupanda mlima kunatikisa ute, na mapafu yasiyofanya kazi hudhoofika. Basi nikakubali.

Tulingoja ukungu uanze kupanda, tukatoka. Kijana alikuwa amejizungushia mtandio wa mama yake puani, ili hewa iingie ikiwa imepashwa joto. Kando ya mto tulimkuta yule mzee na jembe lake. "Kamwene!" akaita. "Kamwene, babu," akajibu kijana, na sauti haikukatika.

Tulipofika barabara kuu, foleni ya malori ilikuwa imesimama, injini zinafuka. Zamani tungalikaa pale tukipiga soga. Sasa tunajua kupita upande upepo unaotoka, na kuvuka upesi. Ng'ambo kuna bibi mmoja mchoma mahindi, mwenye pumu. Pumu ni ugonjwa mwingine. Mirija yake hubana na kuvimba, kisha hulegea tena. Lakini fundisho ni lile lile. Bibi huyu ana pampu mbili: moja ya kufungua kifua kinapobana, na nyingine ya kuvuta kila siku ili kisibane. Kwa muda mrefu aliiacha hii ya pili, akisema, "Nivute dawa nami si mgonjwa?" Siku hizi huivuta, tena jiko lake ameligeuza, moshi unakwenda asikokaa. Mjukuu wake naye ana pumu, na muuguzi amemtengenezea chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili pampu iingie. Mtoto huvuta dawa kwa mdomo wa chupa. Mwaka 1999 Dkt. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa hiyo, ikitengenezwa vema, yafaa kama vile vyombo vya kununua. Mwulizeni muuguzi wenu.

Tukaanza kupanda. Njiani tuliiona shule, na watoto wa zamu wanafagia darasa. Niliona maji yamenyunyizwa kwanza sakafuni, nikafurahi. Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu tangu mwaka jana, nikamweleza, naye hakunicheka. Mpwa wangu hafagii wala hafuti ubao. Zamu yake ni kumwagilia maua.

Hata kanisani tulikuwa na shida. Kijana alitamani sana kuwa mtumishi wa Misa. Lakini sikukuu ya kwanza, chetezo kilipowashwa na ubani ukapanda, alikohoa hata akatoka nje analia. Nilidhani mambo yamekwisha. Paroko akampa kengele. Siku za ubani hukaa upande wa mlango, mbali na chetezo, naye huigonga kengele ile kwa namna ambayo hakuna mzee anayesinzia.

Katikati ya mlima alisimama. Moyo ukanipiga. Akapuliza "haa", "haa", akakohoa katika karatasi, akaikunja na kuiweka katika kifuko chake. Kisha akaendelea kama mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.

DALILI ZA KUTOCHEZEA

Kliniki haikuchukua muda mrefu. Daktari alisikiliza kifua, akampima uzito. Ameongezeka kilo nne tangu mwaka jana. Maharage, karanga, mayai, maziwa na maparachichi ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Mwili wenye njaa haupigani.

Sisemi kwamba amepona. Mwezi wa Machi kifua kilimshika. Lakini safari hii tulijua cha kutazama: makohozi kuwa mengi kuliko desturi au kubadilika rangi, kuchoka, kukataa chakula, kukohoa usiku. Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Alipewa dawa ya kuua vijidudu ya siku kumi na nne, akaimaliza yote, hata zile siku ambazo alijiona mzima. Hakulazwa. Vile vidonge vya siku mbili nilivyonunua mwaka jana havikuua vijidudu, viliwafundisha ukaidi.

Wazazi, mkiona mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa myeusi, mtoto hawezi kumaliza sentensi au kunyonya, au anakohoa damu, msingoje kupambazuke. Na mtu yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na kuficha ni kuwaua wa nyumbani. Chanjo nazo zisikose. Ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa na tena kumi na minane. Ile ya nimonia ilianza kutolewa nchini mwaka 2013, na mtoto huipata katika wiki za kwanza. Dada yangu angeweza kuwaeleza gharama ya siku moja iliyosahauliwa.

Neno moja zaidi kwa wale ambao mtoto wao atapatikana kuwa na ule ugonjwa wa jasho la chumvi. Ni gumu kulisikia. Watoto wawili wenye ugonjwa huo wasikae karibu karibu, maana hupeana vijidudu vikali ambavyo mtu mzima wa afya havimdhuru. Huko Marekani walikuwa na kambi za kuwakutanisha watoto hao wakati wa likizo. Miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa kwa sababu hiyo. Wazazi na wakutane, wafarijiane. Watoto wasalimiane kwa mbali.

Tulipotoka kliniki jua lilikuwa limeshika. Tulisimama kwenye ukingo, tukaitazama Ipogolo chini yetu: mto, bustani, barabara na malori yake madogo kama viberiti, na moshi wa majiko ukipanda kila ua. Nilijaribu kuhesabu ni majiko mangapi yamo ndani ya nyumba, na ni watoto wangapi wanakaa karibu nayo. Nikashindwa. Ndipo nilipokusudia kuandika habari hii.

Mteremko tuliushuka bila haraka. Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na kijana aliniomba tena tupande, bila kliniki, kwa kutembea tu. Tulipofika katikati ya mlima nilisikia mtu anahema kwa nguvu. Alikuwa mimi. Kijana aligeuka, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, tupumzike kidogo?"

Tukakaa juu ya jiwe, tukapumzika.